Kichujio Kilichopotelea Ndani ya Sentensi

Barua ilikuwa ya kurasa tatu. Mzee aliyenikabidhi alikuwa ameikunja mara nne na kuitia katika mfuko wa plastiki pamoja na kitambulisho chake, kama mtu ahifadhivyo hati ya shamba. Tulikuwa tumeketi barazani pake, mwendo mfupi kutoka daraja la Sabaki, kaskazini mwa mji wa Malindi. Mto ulikuwa umejaa, na maji yake yalikuwa mekundu kama udongo wa matofali.

"Nisomee, mwalimu," akasema. "Mimi humu nimetambua jina langu tu."

Nikaisoma. Kisha nikairudia kimyakimya, kwani sikujua nianze vipi kumweleza. Ilitoka kwa mkaguzi wa hataza, nayo ilikuwa imeandikwa kwa adabu na kwa umakini. Ilisema kwamba kichujio ambacho mzee alikiombea hataza hakikuwa kipya. Kwamba vifaa vya namna hiyo vilikwisha kuelezwa katika hati za ng'ambo miaka mingi iliyopita. Na kwamba hakuna jambo lolote katika madai yake lililozidi yale yaliyokwisha kujulikana. Kadiri nilivyozidi kuisoma ndivyo nilivyozidi kung'amua kuwa mkaguzi hakukosea. Aliyekosea ni mimi, kwa sababu madai yale niliyaandika kwa mkono wangu.

Msomaji ataniwia radhi nikitangulia kueleza neno lenyewe. Hataza ni haki ambayo dola humpa mvumbuzi ili awazuie wengine wasikitengeneze, wasikitumie wala wasikiuze alichokivumbua pasipo idhini yake. Hapa Kenya haki hiyo hudumu miaka 20 tangu siku ombi lilipowasilishwa. Kwa upande wake, mvumbuzi hutakiwa kueleza uvumbuzi wake kinagaubaga, hata mtu mwenye ujuzi wa kazi ile aweze kukitengeneza kifaa kwa kusoma maelezo tu. Ni mapatano: wewe toa siri yako, nasi tukupe ulinzi wa muda. Neno hataza halijazoeleka masikioni mwa wengi. Kuna wasemao patenti, na kuna walichanganyao na hakimiliki, ambayo ni haki ya mwandishi juu ya kitabu chake au ya mwanamuziki juu ya wimbo wake.

Sasa nirudi kwa mzee. Yeye ni fundi wa pampu. Wateja wake ni wakulima wa mboga na migomba wa kandokando ya Sabaki, mto ambao huanzia nyanda za juu ukiitwa Athi, ukaungana na Tsavo ukaitwa Galana, na ukikaribia bahari ukapata jina la tatu. Hubeba udongo wa njia yote hiyo. Wakati wa kaskazi tope lake husukumwa kusini hata ghuba ya Malindi ikabadilika rangi. Wakati wa kusi huelekea upande wa Mambrui. Huko Baricho, ambako maji ya Malindi, ya Kilifi na hata ya Mombasa hutolewa, mchanga wenyewe hufanya kazi ya kuchuja, kwa sababu maji huvutwa kutoka visima vilivyochimbwa katika mchanga wa mto. Mkulima mwenye pampu ya kukanyaga kwa miguu hana mchanga wa kumchujia. Anavuta maji pamoja na nyasi, majani, chembechembe za udongo na vijiti, na pampu ikila vitu hivyo kwa msimu mmoja huwa si pampu tena.

Fundi alianza kama ambavyo yeyote angeanza: alifunga wavu bapa kwenye mdomo wa mrija. Wavu ukaziba. Akaufanya wa matundu makubwa zaidi, tope likapita. Aliniambia kwamba jibu alilipata jikoni, siku alipomtazama mkewe akikamua tui. Kwa faida ya wasomaji wa bara, kifumbu ni mfuko uliosukwa kwa ukindu. Nazi ikishakunwa kwa mbuzi hutiwa humo na kukamuliwa, tui likapita na machicha yakabaki. Kifumbu cha mkewe kilikuwa na mdomo mpana na kitako kilichochongoka, na fundi aligundua kuwa machicha hujikusanya kitakoni huku tui likiendelea kupita ubavuni. Akaenda kusuka pia ya waya, akaitia ndani ya mrija, ncha ikielekea kule maji yanakokwenda. Uchafu ukaanza kujikusanya nchani, na maji yakaendelea kupita ubavuni.

Hapo ndipo aliponitafuta. Tunajuana tangu utotoni mwangu, na alijua kwamba mimi nafundisha mambo ya lugha. Alikuwa amesikia kuwa maombi ya hataza nchini Kenya huandikwa kwa Kiingereza, na kwamba mawakala wa kuandika maombi hayo hutoza ada ambayo fundi wa pampu haimudu. Nikajitolea. Nilikuwa na shahada ya uzamivu katika isimu, nikadhani kwamba sentensi ni sentensi.

Naam, nilichokuwa sijakielewa ni hiki: mkaguzi wa hataza hakagui kichujio. Hakioni, hakishiki, wala hakitii maji. Anachokikagua ni sentensi. Ombi la hataza huwa na maelezo, michoro, ikisiri, na juu ya yote, madai. Kila dai huandikwa, kwa desturi, kama sentensi moja tu, hata ikiwa ndefu kama mkia wa kishada, na sentensi hiyo ndiyo mpaka wa shamba. Kilichomo ndani ya sentensi ni chako iwapo utapewa hataza. Kilichobaki nje ni cha kila mtu, hata kama ulikivumbua wewe, hata kama kimo katika mchoro, na hata kama jirani zako wote wanajua ni kazi ya mikono yako. Mkaguzi huichukua sentensi hiyo na kuuliza maswali matatu. Je, jambo hili ni jipya duniani kote? Je, limepiga hatua ambayo fundi mwenye ujuzi wa kawaida asingeifikia kirahisi? Je, linaweza kutumika katika kazi ya viwanda, kilimo kikiwemo?

Kwa swali la kwanza, sentensi niliyomwandikia mzee haikuwa na matumaini. Nilikuwa nimesema, kwa kifupi, kuwa kichujio chake ni pia ya waya iliyotiwa ndani ya mrija, yenye kunasa chembe, na yenye kuweza kusafishwa. Mkaguzi akatoa hati mbili za Marekani zenye pia ya waya ndani ya mrija. Ningemaliza hapo, lakini mwalimu hawezi kupita penye somo bila kusimama.

Pia ndani ya mrija ina historia ambayo ingemfurahisha mwanafunzi yeyote wa sayansi. Wachimbaji wa mafuta ya petroli waliitumia kuzuia takataka ndani ya mabomba yao. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 daktari wa upasuaji wa huko Oklahoma, Lazar Greenfield, alikuwa akitafuta njia ya kuzuia vidonge vya damu iliyoganda miguuni visipande hadi mapafuni na kumuua mgonjwa. Alishirikiana na Garman Kimmell, mhandisi wa mambo ya mafuta, na wakaipunguza pia ile ya mabomba hata ikaweza kuingia katika mshipa mkuu urudishao damu moyoni. Kichujio kikaitwa kwa majina yao na kikatumika ulimwenguni kote.

Siri yake ni hesabu ya shule. Chukua pia, uijaze uchafu kuanzia nchani hadi asilimia 70 ya kimo chake. Je, umeziba sehemu gani ya njia? Kipenyo cha sehemu iliyojaa ni 0.7 ya kipenyo cha mdomo, na kwa kuwa eneo la duara hufuata mraba wa kipenyo, sehemu iliyozibwa ni 0.7 mara 0.7, yaani asilimia 49. Zaidi ya nusu ya njia bado iko wazi. Wavu bapa haukupi nafasi hiyo, ukifunikwa umefunikwa. Fundi wa Sabaki hakusoma hesabu hiyo popote. Aliiona katika machicha. Hata hivyo sheria haiulizi uliionea wapi; huuliza nani aliieleza kwanza. Katika hilo sina ugomvi na mkaguzi.

Lakini hebu sikiliza yaliyofuata. Nilipomaliza kumfasiria barua, mzee alinyamaza kitambo, kisha akauliza: "Na hao Wamarekani, chao nacho kinajikung'uta?"

Nikamwuliza ana maana gani. Akanishika mkono hadi mtoni, akaniweka juu ya pampu, akaniambia nikanyage. Nilipokanyaga, maji yalipanda. Nilipoinua mguu, maji yalirudi nyuma kidogo ndani ya mrija, kiasi cha kifuu kimoja, kwa sababu alikuwa ameilegeza vali makusudi. Yaliporudi yaliisukuma pia kwa nyuma, uchafu uliokusanyika nchani ukateleza hadi mdomoni, ukaangukia katika mfuko aliouchomelea chini ya mrija. "Kila pampu ikipumua," alisema, "chujio linajikung'uta. Nilikwambia."

Aliniambia, ni kweli. Daftari langu la siku ile bado ninalo, na neno lake limo humo kama alivyolitamka: linajikung'uta. Nami nilipolifikisha katika Kiingereza niliandika kwamba kichujio chaweza kusafishwa.

Wanafunzi wangu wa mwaka wa kwanza hujifunza kulichambua umbo hili katika wiki ya tatu. Katika kinajikung'uta, ki- ni kichujio, -na- ni wakati, -ji- ni kirejeshi kinachomrudishia mtenda tendo lake mwenyewe, -kung'ut- ni mzizi na -a ni kiishio. Silabi moja, ji, ndiyo iliyobeba uvumbuzi wote. Vichujio vyote duniani huweza kusafishwa. Mtu hukifungua, akakiosha, akakirudisha. Hiki cha mzee kilijisafisha pasipo mtu kusimamisha kazi, kwa nguvu ileile ya mguu wa mkulima. Mimi, mtaalamu wa mofolojia, niliidondosha silabi hiyo njiani kama mtu anayedondosha senti.

Sisemi kwamba angepata hataza. Yawezekana mkaguzi angetoa hati nyingine zenye vichujio vinavyosukumiwa maji kinyume ili vijisafishe, kwa maana wazo la kurudisha maji nyuma si geni kwa wahandisi. Yawezekana pia angestahili ile hati ndogo ambayo sheria yetu huitoa kwa ubunifu wa kiasi, ambayo hudumu miaka 10 na haimdai mvumbuzi ile hatua kubwa ya swali la pili, mradi kitu kiwe kipya na chenye kutumika. Ninalosema ni kwamba jambo lake halikuulizwa. Alikaguliwa mtu mwingine, ambaye hakuvumbua kitu, na mtu huyo nilimwumba mimi kwa kalamu yangu.

Je, haikuwezekana kurekebisha? Hapa sheria ina mlango mwembamba. Mwombaji anaruhusiwa kuyabadili madai yake, lakini haruhusiwi kuongeza jambo ambalo halikuwemo katika maelezo ya awali. Mfuko wa chini ya mrija ulionekana katika mchoro mmoja, ila hapakuwa na sentensi hata moja iliyosema kazi yake, wala iliyotaja maji kurudi nyuma. Kuleta ombi jipya nako kulikuwa na pingamizi. Mzee alikuwa amekwisha kukionyesha kifaa chake katika maonyesho ya kilimo, mbele ya umma, akakieleza kwa fahari na kwa ufasaha, kwa Kiswahili na Kigiriama. Sheria humpa mvumbuzi miezi 12 tangu kujitangaza mwenyewe hivyo, na miezi hiyo ilikuwa imepita wakati sisi tukisubiri barua. Ajabu ya mambo ni kwamba maelezo yake ya mdomo mbele ya kibanda cha maonyesho yalikuwa kamili kuliko yangu ya maandishi. Yale ya mdomo yalitosha kumfungia mlango, ila hayakutosha kumfungulia.

Jambo hili limenifanya nisome sheria ambazo sikuwahi kuzifikiria, na nimeona kwamba lugha imekaa mlangoni tangu mwanzo. Kabla ya mwaka 1990 Kenya haikuwa na hataza yake. Kwa sheria iliyorithiwa kutoka kwa wakoloni, aliyetaka kulindwa hapa alipaswa kwanza kupata hataza Uingereza, kisha kuja kuisajili Nairobi ndani ya miaka mitatu. Fundi wa Mambrui wa mwaka 1970 angelazimika kupitia London ili alinde kitu alichokitengeneza Mambrui. Sheria ya 1989, iliyoanza kutumika Februari 1990, ndiyo iliyotupa ofisi yetu wenyewe, na ile ya 2001 ikaunda taasisi ya KIPI. Shirika la Afrika linaloshughulikia mambo haya, ARIPO, lenye makao yake Harare, lilianzishwa kwa mkataba uliotiwa saini Lusaka mwaka 1976. Je, wajua jina lake la kwanza? Lilikuwa shirika la miliki ya viwandani la Afrika isemayo Kiingereza. Maneno hayo yaliondolewa katika jina mwaka 1985. Jina lilibadilika, lugha ya maombi haikubadilika.

Katiba yetu ya 2010, ibara ya 7, imesema kwamba lugha rasmi za Jamhuri ni Kiswahili na Kiingereza. Mimi nimeisoma mara nyingi mbele ya wanafunzi, nao hupiga makofi. Sijawahi kuwaambia kwamba kuna meza ambako mojawapo ya lugha hizo mbili haipokelewi.

Wenzangu kadhaa, tena si watu wa kudharau Kiswahili, wameniambia kuwa nadai jambo lisilo na faida. Mkaguzi, wanasema, hana budi kutafuta katika hati za dunia nzima, na hati hizo ziko katika lugha kubwa. Hataza ya Kiswahili itakuwa kisiwa. Hoja hii ina uzito. Hata hivyo Wajapani huandika kwa Kijapani na Wakorea kwa Kikorea, kisha hutafsiri pale biashara inapowapeleka nje. Maombi ya kimataifa, yale yapitiayo mkataba ambao Kenya ilijiunga nao mwaka 1994, huchapishwa katika lugha kumi, na Kikorea pamoja na Kireno viliongezwa mwaka 2009. Lugha huongezwa. Ninachokidai si kwamba mkaguzi aache kusoma Kiingereza, bali kwamba siku ile ya kwanza, maneno yanapotoka kinywani mwa mvumbuzi, yapokelewe jinsi yalivyo na kuwekewa tarehe. Tafsiri ifuate. Ikikosewa, iweko asili ya kuirudia. Laiti ombi la mzee lingekuwa na ukurasa mmoja wa Kiswahili chake, silabi ji ingekuwa salama.

Wengine huuliza kama Kiswahili kinaweza kazi hiyo. Swali hili hulisikia tangu nilipokuwa mwanafunzi, na siku hizi huwajibu kwa mifano. Kwa mambo ya kutenganisha peke yake, jiko la pwani lina vitenzi ambavyo mkaguzi angevifurahia. Tunachuja kioevu, tunachekecha mchanga, tunachunga unga, tunapepeta mchele kwa ungo ili makapi yapeperuke, tunapembua kwa mkono. Maji tukiyaacha hutuama, na mashapo hushuka chini. Kila kitenzi kina kifaa chake na nguvu yake ya asili: uzito, upepo, mtikiso, mkamuo. Tena sarufi huzaa majina kwa utaratibu: anayechuja ni mchujaji, tendo ni mchujo, kifaa ni kichujio, na kiambishi -i- cha kutendea kinakuambia papo hapo kwamba hiki ni cha kuchujia. (Mchujo umetekwa na wanasiasa wakati wa uteuzi vyamani, lakini twaweza kuukomboa.)

Mfano mwingine ni mzuri zaidi. Waandishi wa madai ya hataza kwa Kiingereza hulazimika kurudiarudia neno lenye maana ya "kilichotajwa", ili msomaji asichanganye mrija na kichujio, wala ukosi na mfuko. Lugha yao haina njia nyingine, kwa sababu kiwakilishi chao cha vitu ni kimoja tu. Kiswahili kina ngeli. Nikisema hicho, najua ni kichujio. Nikisema huo, ni mrija. Nikisema hiyo, ni pia. Kile kirejeshi cha -o, ambacho wanafunzi hukilalamikia katika mtihani, kimeumbwa hasa kwa ajili ya kurejelea kitu kilichokwisha kutajwa. Hebu msomaji apime mwenyewe. Hivi ndivyo ninavyoandika leo dai la mzee, nikiwa nimechelewa:

"Kichujio cha kunasia chembe ndani ya mrija upitishao maji, kichujio hicho kikiwa na pia ya waya ambayo ncha yake inaelekea yanakokwenda maji, ukosi unaoishikilia pia hiyo kwenye kuta za mrija huo, na mfuko uliofungwa chini ya mrija huo, mbele ya mdomo wa pia hiyo, ambapo kila pampu inapopumua, maji hurudi nyuma na kuisukuma pia hiyo, nacho kichujio hicho hujikung'uta chenyewe, na chembe zilizonaswa huangukia katika mfuko uliotajwa."

Nimelazimika kusema "uliotajwa" mara moja, kwa sababu mfuko na mrija ni wa ngeli moja. Kila lugha ina shida zake. Shida nyingine ni bomba, neno waliloliacha Wareno, ambalo kwao ni pampu na kwetu limekuwa pampu na mrija kwa pamoja. Katika mazungumzo hakuna madhara. Katika dai la hataza ni maafa. Ndiyo maana nimeandika mrija na pampu, nikaliacha bomba lipumzike. Kazi ya kuyatenga maneno kama haya si ndoto. Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ya Dar es Salaam ilichapisha kamusi sanifu ya biolojia, fizikia na kemia mwaka 1990. Yale ya madai na hati za uvumbuzi yanatungoja.

Kuna upande wa pili wa jambo hili ambao unanitia hofu zaidi kuliko hasara ya mzee mmoja. Mkaguzi alipata hati za Marekani kuhusu pia ya waya. Hakupata hati yoyote kuhusu kifumbu. Si kosa lake. Kifumbu hakimo katika maandishi anayoyatafutia. Mwaka 1995 chuo kimoja cha Marekani kilipewa hataza ya kutumia manjano kutibu vidonda, jambo ambalo kila bibi wa Kihindi analijua. Baraza la utafiti la India lilipinga, na mwaka 1997 madai yakafutwa. Yalifutwa kwa nini? Kwa sababu India iliweza kuleta maandishi, yakiwemo ya Kisanskriti. Sheria ya Marekani wakati ule, na kwa maombi yote yaliyowasilishwa kabla ya tarehe 16 Machi 2013, ilikubali matumizi ya mdomo na mikono yaliyofanyika Marekani kwenyewe, lakini kwa yaliyofanyika nchi nyingine ilidai karatasi iliyochapishwa. Bibi wa Malindi aliyekamua tui kwa kifumbu miaka 60 alikuwa, mbele ya sheria hiyo, hajafanya kitu. Sheria yetu ya Kenya ni ya haki zaidi, maana inahesabu hata yaliyotangazwa kwa mdomo au kwa matumizi popote duniani. Lakini mkaguzi atayasikiaje?

Sheria yetu ya mwaka 2016 ya kulinda maarifa ya jadi imezipa serikali za kaunti jukumu la kuyakusanya na kuyasajili maarifa ya watu wao. Ningependa kuona daftari la Kaunti ya Kilifi likiwa na kifumbu, kung'uto na dema la mvuvi ambalo humruhusu samaki kuingia na kumkataza kutoka, kila kimoja kikiwa kimeelezwa kwa lugha ya wakitumiao na kwa usahihi wa mhandisi. Ningependa kuona leso iliyokunjwa juu ya mtungi wa maji huko Ganze. Watafiti waliochapisha kazi yao mwaka 2003 walionyesha kwamba huko Bangladesh sari kuukuu, ikikunjwa mara nne na zaidi na maji ya kunywa yakachujwa kwayo, ilipunguza kipindupindu kwa karibu nusu, kwa kuwa vijidudu vya maradhi hayo hujishikiza kwenye viumbe wadogo wa majini ambao kitambaa huwanasa. Maji yachemshwe bado, inapowezekana. Lakini tazama: wanawake walikuwa wakichuja, mtu akaja akapima, akaandika, na sasa hakuna awezaye kudai kuwa ameivumbua sari.

Muhula uliopita niliwapa wanafunzi wangu zoezi. Niliwaletea kifumbu darasani, nikaagiza kila mmoja akieleze kwa sentensi moja ambayo fundi asiyewahi kukiona angeweza kukisuka. Wengi waliandika kwamba ni kifaa cha kienyeji kinachodumisha utamaduni wetu. Nikawarudishia. Mwanafunzi mmoja wa kutoka Magarini aliomba ruhusa, akakichukua kifumbu kwenda nacho nyumbani, na baada ya siku nne akarudi na ukurasa mzima: idadi ya njia za ukili, mwelekeo wa msuko, upana wa mdomo kwa vidole, na sababu ya kukiloweka kabla ya kukitumia. Alikuwa amemwuliza nyanya yake. Sentensi ilikuwa moja, na makosa ya upatanisho wa kisarufi yalikuwa mawili tu.

Mzee wa Sabaki bado anachuja maji. Wakulima kama kumi hivi wamekwisha kumwiga, na hawezi kuwazuia. Anasema hata hataki, mradi wasiseme wamekibuni wao. Wiki iliyopita aliniita tena. Ana jambo jipya kuhusu vali, na safari hii hajakionyesha kifaa kwa mtu yeyote. Nilikwenda na daftari. Kabla hajaanza kusema nilimwomba aseme polepole, kwa maneno yake, na kila neno nitakalolitilia shaka alirudie hadi nilione kwa macho mtoni. Tulianza saa tatu asubuhi. Adhuhuri ilipoadhiniwa tulikuwa bado tuko kwenye sentensi ya kwanza.